Uvimbe wa Taya Uliowafunza Wataalamu

Mtoto hukua kwa sababu seli za mwili wake hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Lakini hazigawanyiki ovyo. Ndani ya kila seli mna jeni zinazohimiza mgawanyiko, na nyingine zinazouzuia. Kidonda kikishapona, kazi husimama. Seli zikikaidi amri hiyo na kuzidi kuongezeka, hapo ndipo saratani inapoanza.

Sehemu ya elimu hiyo ilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya zote mbili. Akawaona na wengine, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilometa 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakakuta kwamba ugonjwa ni mwingi penye joto na mvua, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ikadhaniwa kwamba mbu hueneza virusi vinavyouleta.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliviona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Je, mambo yalikwisha? La hasha! Baadaye ilidhihirika kwamba watu wazima wengi duniani wanavyo virusi hivyo, na kwamba huenea kwa mate, wala si kwa mbu. Hata hivyo mbu hakutoka bila hatia, kwani malaria ya mara kwa mara huvisaidia virusi hivyo kumdhuru mtoto. Kisha, mwaka 1982, watafiti walionyesha kwamba katika seli za uvimbe huo jeni iitwayo MYC, ambayo huhimiza mgawanyiko, imehama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14. Huko huamshwa bila kupumzishwa, na seli hugawanyika bila kukoma.

Wapo wanaosema kwamba wataalamu ni vigeugeu, leo hili, kesho lile. Sivyo. Ramani ya Burkitt haikutupwa, bali maana yake ndiyo iliyosahihishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mzazi, elimu hii si hadithi. Uvimbe huu hukua upesi mno, lakini kwa kuwa seli zake hugawanyika kwa kasi, dawa zinazoua seli za namna hiyo huushambulia vikali. Watoto wengi hupona wakitibiwa mapema. Basi taya la mwanao likivimba, meno yakilegea kabla ya wakati wake, au tumbo likivimba, usingoje ukidhani ni jino tu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na usiku, asilale nje ya chandarua.