Duma na Mbio za Sakafuni

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Musoma, utapita kando ya Lango la Ndabaka, mahali ambapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hukaribia Ziwa Viktoria. Ndani ya hifadhi hiyo huishi duma, mnyama awashindaye wote wa nchi kavu kwa mbio. Wengi wetu humchanganya na chui. Mtazame uso: duma ana michirizi miwili myeusi ishukayo toka machoni hadi kinywani, mfano wa machozi. Chui hana.

Mwili wa duma umeumbwa kwa ajili ya mbio. Miguu yake ni mirefu, kiuno ni chembamba, na uti wa mgongo hujikunja na kunyooka kama upinde, hata hatua yake moja yaweza kufikia meta saba. Matundu ya pua ni mapana, ili avute hewa nyingi. Kucha zake hazifichiki kabisa kama za chui, bali hushika ardhi mithili ya njumu za mcheza kandanda. Mkia nao humwongoza anapogeuka ghafla, kama kasia la nyuma liongozavyo mtumbwi wa wavuvi wetu. Mwaka 2013 wataalamu waliowafunga duma vipimo shingoni huko Botswana walipata mwendo wa kilometa 93 kwa saa.

Walakini kila kipawa kina gharama yake. Mbio hizo ni za meta mia chache tu. Akishamkamata swala, duma hubaki akihema. Na fisi akitokea, humwachia nyama pasipo kupigana, kwani mwili mwepesi na meno madogo si silaha za vita. Ndiyo sababu huwinda zaidi mchana, wakati simba na fisi wengi wamepumzika. Watoto wake nao huuawa na simba. Uchunguzi uliofanywa katika nyanda za Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba katika kila watoto 20, yapata mmoja tu ndiye aliyefikia umri wa kujitegemea.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapowapeleka wanao mbugani, mwombe dereva asimsogelee duma anayenyemelea. Gari likimshtua swala, mama huyo amepoteza windo lake, na wanawe huenda wakalala na njaa. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukingo wa duma u karibu mno. Tusiusogeze karibu zaidi.