Mali Bila Daftari, na Barua Zilizokataa Kuchapika



Wapenzi wasomaji, mama mmoja aliyemo katika eda alinipigia simu juma lililopita. Kwa kuwa hatoki, alimtuma mwanawe aniletee tarakilishi ya marehemu mumewe. Marehemu alikuwa akifanya kazi Doha, na katika uhai wake alimkopesha rafiki yake shilingi 400,000 za kuongeza mtaji wa duka. Hawakuandikiana mkataba, palikuwa na barua pepe tu. Mdeni hakulikana deni, ila yeye akumbuka 250,000. Alisema, "Nionyesheni maandishi, nami nitalipa nilichokiandika."

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Kijana alikuwa amesikia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, naye kwa nia njema akaipandisha tarakilishi hadi Windows 11. Kumbe hata programu ya barua aliyoizoea babake, iitwayo Mail, ilikuwa imeachwa na kampuni hiyo tangu mwisho wa mwaka 2024. Haikumfungulia barua. Na alipotaka kuzigeuza barua ziwe faili za PDF ili azichape, printa iitwayo "Microsoft Print to PDF" haikuwamo tena katika orodha. "Maalim," mama akaniuliza, "haki ya mayatima wangu ndiyo imepotea?"

Swali lake si dogo. Deni analodai marehemu ni sehemu ya tirka yake. Yakishatolewa gharama za maziko, yakalipwa madeni aliyodaiwa, na ukatekelezwa wasia usiozidi thuluthi, kinachobaki ni cha warithi. Mjane mwenye watoto hupata thumuni; fungu kubwa ni la watoto. Basi shilingi 150,000 zikipotea, wa kwanza kupunjwa ni mayatima.

Nilimwambia atulie, kwani kilichoharibika ni chombo cha kusomea, barua hazikuguswa. Hili ndilo la kwanza kulifahamu. Barua za Gmail, Yahoo na mfano wake aghalabu huhifadhiwa katika mitambo ya mwenye huduma. Tulifungua akaunti kupitia kivinjari, tukazikuta barua za miaka yote. Lakini zipo programu za zamani zinazoweka barua ndani ya tarakilishi peke yake. Mwenye kutumia hizo asifute chochote baada ya kupandisha mfumo. Kwa kawaida Windows huyahifadhi mafaili ya mfumo wa zamani kwa siku 10 na kuruhusu kurudi nyuma. Siku hizo zikipita, huyaondoa. Basi atafute msaada mapema.

La pili ni printa iliyotoweka. Tuliandika katika sehemu ya kutafutia "Turn Windows features on or off", tukaondoa alama iliyo kando ya Microsoft Print to PDF, tukaizima tarakilishi na kuiwasha, kisha tukairudisha alama. Printa ikarejea. Hata isingerejea, njia ilikuwapo: vivinjari vya Chrome na Edge vina chaguo lao la "Save as PDF" ukishabonyeza kuchapa, wala havihitaji printa hiyo. Simu nyingi za Android nazo zina chaguo hilo.

La tatu ndilo lililotaka kutuponza. Faili la kwanza lilitoka zuri, lakini kiasi cha deni hakikuonekana! Tulikuwa tumechapa mazungumzo yote kwa mara moja, na Gmail, ikichapa hivyo, huyaficha maneno ya nyuma yaliyonukuliwa ndani ya jibu. Barua ya kwanza yenyewe marehemu alikuwa ameshaifuta. Nakala yake ilibaki ndani ya jibu la mdeni. Tukaifungua barua ile moja, tukabonyeza vitone vitatu vilivyo kando yake, tukaichapa peke yake. Ndipo 400,000 ikaonekana, na chini yake mdeni amejibu kwamba amepokea. Kwa hiyo usikabidhi faili kabla ya kulisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho.

La nne, viambatisho haviingii katika PDF ya barua. Huonekana majina yake tu. Stakabadhi ya benki aliyoituma marehemu ilitubidi tuipakue mbali. La tano, PDF ni nakala, na nakala yaweza kutiliwa shaka. Usiifute barua ya asili hata ukishaichapa. Katika Gmail unaweza pia kuipakua barua yenyewe kwa "Download message", ikabaki na habari za mtumaji, tarehe na njia iliyopitia.

Na kwenu, mama zangu na dada zangu, nina neno jingine. Tarakilishi ya nyumbani ina siri za nyumba. Ukiipeleka kwa fundi, nenda na maharimu wako au mtu unayemwamini, mkae pale hadi kazi iishe, wala msiandike neno la siri kwenye kikaratasi mkamwachia. Siri ni amana kama ilivyo mali.

Mdeni alizisoma barua mbele ya wazee wawili. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Nilisahau, Mungu anisamehe," akakubali kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Sikumwona kuwa mwongo. Miaka ikipita, binadamu husahau, na ndiyo maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi usiku wa leo, kabla hamjapandisha mfumo wowote, mume na mke waketi pamoja, wazitafute barua zenye haki ya mtu ndani yake, wanachodai na wanachodaiwa. Wazichape, wazitie saini, waziweke pamoja na hati za nyumba, na mtoto mkubwa aonyeshwe zilipo.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.