Mkubwa kwa Ndoa, Mdogo kwa Mkopo

Sisi wazazi wa Lushoto tumechoka kuulizwa kwa nini mabinti zetu wanakimbilia mjini. Hawakimbilii, wanafuatwa! Mtihani wa kidato cha nne ukiisha tu Novemba, simu za madalali zinaanza kuita, Soni, Mlalo, Lukozi mpaka Mtae. Kuna mama Dar anataka binti mtulivu, wa milimani, asiyejua mambo mengi. Wanasafirishwa kama kabichi zetu: mzigo unapakiwa usiku, bei inapangwa huko huko.

Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake. Nani alikwenda kukagua jikoni kwa watu? Binti anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na akiugua anapandishwa basi la Mombo arudi nyumbani. Nauli inakatwa kwenye mshahara wake.

Basi wabaki, wajiajiri, tunaambiwa. Haya. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Binti wa miaka 17 akienda kuulizia, anaambiwa asubiri atimize 18. Kitambulisho cha NIDA nacho, 18. Kwa hiyo akitaka kuuza karoti anapokea malipo kwenye laini ya simu ya kaka yake, na kaka mwenyewe tunamjua.

Kumbe kwenye ndoa ni mtu mzima! Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya ruhusa hiyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa; Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Tukadhani yamekwisha. Miaka ikapita, bungeni kimya, ilhali mahakimu wananolewa hapa hapa kwetu, Chuo cha Uongozi wa Mahakama.

Tena kuna hili la ajabu. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampeleka jela miaka 30 anayemuoa mwanafunzi. Vizuri kabisa. Lakini binti akishavua sare si mwanafunzi tena, na ulinzi umevuliwa pamoja na sare. Desemba posa zinabisha hodi, maana waoaji nao wanaijua kalenda ya Baraza la Mitihani.

Na tusijitoe. Wanaopokea posa ni sisi. Vishamba vyetu vya kwenye miteremko tumewamegea watoto wa kiume mpaka vimebaki tuta kwa tuta, na binti ameambiwa atakuta shamba kwa mumewe. Halafu tunashangaa akikubali safari ya Dar.

Mwaka 2024 ulipoanza shuleni mkondo wa elimu ya amali kuanzia kidato cha kwanza, tulifurahi. Ila amali inataka karakana, vifaa na mwalimu aliyeshika kazi kwa mikono yake; ubao na chaki havitoshi. Wakija wafadhili, wanakuja na cherehani. Kila mradi wa wasichana, cherehani! Tuna mafundi nguo wengi kuliko wenye nguo za kushonesha, huku msimu wa plamu matunda yanaoza chini ya miti na hoho zinanyaukia barabarani zikisubiri gari. Kwa nini binti asifundishwe kusindika, kupanga mazao kwa madaraja, kufungasha, kusoma bei kabla dalali hajafika? Kazi hiyo ipo hapa, wala haihitaji basi.

Tulimweleza mtendaji haya yote mkutanoni. Akaandika kwenye daftari, akauliza kama kuna hoja nyingine. Ipo, tukamwambia: lumbesa, magunia yetu yanayojazwa kupita kipimo.