*TAMKO LA TAWI: UFUTA HAI ULIPWE BEI YA UFUTA HAI*



Minada ya ufuta inakaribia na maneno yameshaanza vijiweni: "Bei ndiyo hiyo, soko la dunia limeshuka." Soko la dunia hupanda na kushuka, hatubishi. Tunachouliza ni kimoja: nyongeza ya bei ya ufuta hai inaishia mfukoni mwa nani?

Wenzetu walioandikishwa kwenye kilimo hai hawapulizi dawa za viwandani wala hawaweki mbolea ya chumvichumvi. Palizi ni ya mkono. Kabla shamba halijatambuliwa, hupita kipindi cha mpito cha miaka 2 wakiuza kwa bei ya kawaida. Siku ya kupeleka mzigo ghalani, magunia yao yanarundikwa pamoja na ya wengine. Ukishachanganywa hauitwi tena ufuta hai, na jasho la miaka 2 limepotea.

Hata pale unapotengwa, cheti kiko kwa jina la mnunuzi. Mkulima akitafuta mteja mwingine anaambiwa mzigo wake hauna cheti. Huo si mnada, ni kupangiwa bei.

Tupige hesabu ya mfano. Nyongeza ikiwa shilingi 300 kwa kilo, mwenye kilo 500 anapoteza 150,000. Wakulima 30 ni 4,500,000. Fedha hiyo haipotei angani, kuna anayeipokea.

Watatuambia cheti ni ghali. Kwa mtu mmoja, kweli. Kwa kikundi, gharama inagawanywa. Tena Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, inataka kikundi kinachopewa cheti kiwe cha wakulima wenyewe, kisichozidi wanachama 2,000, kilichosajiliwa kisheria na chenye utaratibu wake wa ukaguzi wa ndani. Yaani soko lenyewe la Ulaya linataka cheti kiwe cha wakulima. Anayetukatisha tamaa hapa kijijini anatetea nini?

*Tawi linadai:*

1. Ufuta hai upokelewe, uhifadhiwe na upigwe mnada peke yake.
2. Stakabadhi ya ghala ioneshe wazi kuwa mzigo ni hai.
3. Chama cha ushirika kianze mchakato wa cheti kwa jina la wakulima, na gharama zisomwe mbele ya mkutano mkuu, shilingi kwa shilingi.

Diwani na viongozi wa ushirika, wakiwemo wa chama chetu, tutawauliza haya hadharani. Kadi ya chama si kinga ya kutojibu.

Jumamosi saa 9 alasiri tukutane ofisi ya tawi. Kila mkulima aje na stakabadhi za msimu uliopita tuzijumlishe pamoja. Mwenye karatasi hapigwi porojo.

Umoja ni nguvu.

*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji