Man U Haijengwi, Inapakwa Rangi: Mnamtukana Fundi, Mwenye Nyumba Anacheka

Kila msimu ukianza mashabiki wa Man U wanaambiwa kitu kimoja: subirini, timu inajengwa upya. Ikifika Desemba wanatafuta wa kumtukana. Mara kocha hana mbinu, mara beki mzito, mara kipa mikono ina mafuta. Kibanda umiza wanatoka vichwa chini, kwenye magrupu ya WhatsApp wanachambwa wiki nzima.

Ila kuna swali watu wanaliruka: hiyo timu inajengwa kwa faida ya nani?

Mwaka 2005 familia moja ya Marekani iliinunua klabu kwa karibu pauni milioni 790. Sehemu kubwa ya hela ilikuwa mkopo, na deni likabebeshwa klabu yenyewe. Ni kama mtu anunue bodaboda kwa mkopo, marejesho yatoke kwenye hesabu ya bodaboda hiyo hiyo. Sio dhambi, wengi mjini wanafanya. Shida inaanza pale marejesho yanapotangulia kila siku halafu sevisi inaambiwa isubiri.

Na hapo ndipo mipango ya uwanjani inapoharibika. Kujenga timu kweli maana yake kukubali kuumia. Unapanga vijana, unamaliza nafasi ya 8 au ya 10, unavumilia. Mmiliki mwenye deni hawezi kuvumilia. Mkataba wa jezi uliosainiwa 2014, pauni milioni 750 kwa miaka 10, ulikuwa na kifungu kikali: klabu ikikosa Ligi ya Mabingwa misimu miwili mfululizo, malipo ya mwaka yanaweza kukatwa asilimia 30. Ukiwa na kifungu kama hicho mezani, utampa kocha miaka mitatu ya kukuza vijana? Thubutu!

Ndio maana yananunuliwa majina. Mwaka 2021 alirudishwa nyota wa miaka 36. Jezi zikagombaniwa, mitandao ikawaka, na yeye akafunga magoli 24 msimu ule. Kazi yake alifanya. Timu ikamaliza ya 6.

Kuna watakaosema mbona hela zinatoka? Kweli zinatoka. Kiungo wa pauni milioni 89 mwaka 2016, beki wa milioni 80 mwaka 2019. Lakini mchezaji anauza jezi, paa haliuzi. Mei 2024 mvua ilinyesha Old Trafford, maji yakamwagika kutoka kwenye paa kama bomba limepasuka, dunia nzima ikiangalia. Klabu ya kumwaga milioni 89 kwa mtu mmoja, paa linavuja!

Februari 2024 tajiri wa Uingereza akanunua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa upande wa soka. Watu wakashangilia, mkombozi kaja. Julai kocha akaongezewa mkataba, Oktoba akafukuzwa, akalipwa mamilioni. Huku wafanyakazi wa kawaida kama 250 wakipoteza kazi mwaka huo huo kwa sababu ya kubana matumizi. Makosa ya mabosi, maumivu ya wadogo. Msimu ukaisha timu ikiwa ya 15.

Na ile familia bado ina usukani, maana hisa zao zina kura 10 kila moja, wakati zile zinazouzwa soko la New York zina kura 1 tu. Tangu 2013 hadi mwisho wa 2024 waliajiriwa makocha sita wa kudumu, wamiliki ni wale wale. Sasa nani ndiye tatizo?

Hili linawahusu hata wale wasiopenda mpira wa Ulaya. Huku Bongo taratibu zinataka wanachama wabaki na asilimia 51 ya klabu zao, mwekezaji asizidi 49. Watu wanaiona 51 kama kitu cha kizamani, tajiri akija na usajili mzito wanaimba jina lake mpaka sauti inakauka. Waulizeni Man U. Usajili unaisha na msimu, ila umiliki ukishaondoka haurudi kwa kelele za jukwaani.

Kwa hiyo shabiki, msimu ujao kabla hujamtukana beki, uliza kwanza hela ya tiketi na ya jezi yako imeenda wapi.

Wewe unaonaje, tatizo ni makocha au wenye timu? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.