Majibu Yametuzidi, Sisi wa Igogo

Mtu asije akasema watu wa Igogo, hapa Mwanza, tumekosa dini. Jogoo hajawika, adhana imeshatoka upande wa chini. Ikiisha tu wanapokea wa mkesha, ambao hata hawakulala. Spika zao zimepandishwa juu ya jiwe, na sauti ikigonga mlima inaturudia mara ya pili, kama kuna aliyekuwa hajasikia. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo. Wapimaji waje na vipimo vyao, tutawaonyesha njia. Lakini kelele tumezizoea. Kinachotuchosha ni majibu. Kila spika inalo la kwake, na hatujawahi kusikia hata moja ikisema: hapa, ndugu zangu, mimi sijui.

Juzi tumezika mtoto huku juu, wa darasa la tatu, homa ya siku mbili tu. Njia zetu mnazijua, gari halifiki. Jeneza tunapokezana mabegani kati ya mawe. Turubai halijakazwa kamba, majibu yakaanza kupanda mlima. Mzee wa kanisa akasema ni mapenzi ya Mungu. Shangazi upande wa baba akanong'ona kwamba huo ni mkono wa mtu. Kijana mmoja wa suti, hatujui alikuja na nani, akamwinamia mfiwa na kumwambia kuna madhabahu ya ukoo haijavunjwa, akamwachia namba ya kutumia sadaka. Mama wa watu ameshika kandambili ya mwanawe, ya mguu mmoja, anauliza, "Kwa nini wangu?" Wakamjibu wote kwa pamoja! Aliyenyamaza ni bibi mmoja muuza mapanki. Alikaa naye mkekani mpaka jioni, anamsogezea kikombe cha uji, kikipoa anakiondoa, analeta kingine. Jina lake hatulitaji, watu wasije wakamfungulia kanisa.

Ziwa nalo lilishatuuliza swali hilo la mama. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, na makaburi yako Igoma. Septemba 20, 2018 ikawa zamu ya MV Nyerere, pale karibu na gati la Ukara: watu 228. Siku mbili baadaye fundi mmoja akatolewa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Tulilia kwa furaha, nani asingelia? Kisha mahubiri yakaanza: aliponywa kwa kusudi maalumu. Sawa. Na wale 228, kusudi lao lilikuwa lipi? Ukiuliza hivyo kanisani unaombewa.

Tena hapa wahubiri wanatuchanganyia mambo mawili makusudi. Nani alijaza watu na mizigo kupita uwezo wa chombo, hilo lina jibu, lina karatasi na sahihi, na hatutaki lifunikwe kwa mapenzi ya Mungu. Kwa nini fulani aliwahi meli na mwenzake akaikosa kwa sababu ya daladala iliyoharibika, hilo halina jibu, na hapo ndipo kila mtu anapojifanya mtaalamu.

Mtasema jibu la uongo linafariji, lina ubaya gani? Kanda hii ya Ziwa isiulizwe swali hilo. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu mtoto wa jirani alikufa na macho ya bibi yalikuwa mekundu. Mekundu kwa moshi wa jikoni, miaka sitini ya kupuliza moto! Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu mtu aliyetaka kujua kwa nini hatajiriki alipewa jibu. Aliyesema "sijui" hajawahi kumchinja bibi wa mtu.

Wazee wasituringie kwamba zamani ilikuwa afadhali. Ni kweli Wasukuma walimwita Mungu Liwelelo, wakamwacha awe mkubwa kuliko maelezo. Lakini walikuwa na bafumu, waganga wao, pia, na mfumu hakukuacha uondoke mikono mitupu. Lazima atajwe mtu. Na mwaka 2011 si sisi hawahawa tuliopanda magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu wa huko kwa shilingi 500? Tulikwenda. Jibu la bei hiyo ungeliacha?

Tunachosema ni kwamba tumechoka kuona aibu. Wengine wetu tumeokoka mara tatu na kubatizwa mara mbili, na bado Jumatatu asubuhi, kwenye foleni ya maji, kifua ni kitupu kama ndoo zilizo mbele yetu. Ukimweleza mtu, anakuuliza umefunga siku ngapi. Sisi tunasali, tunafunga, sadaka tunatoa hata mwezi wa samaki kuadimika. Tunataka tu turuhusiwe kusali huku hatujui, bila kuitiwa watu wa kututoa pepo.

Kwa hiyo wenye maikrofoni, mkija tena msibani huku juu, acheni spika chini barabarani, hata hivyo mlima utawatoa jasho. Mikeka ipo. Uji upo. Sukari mje nayo, na ikipanda bei, hilo nalo msituambie ni la kiroho.