Je, Waamuzi Wetu Wanazibeba Simba na Yanga?



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Temeke. Jioni moja nilipita kijiweni, pale vijana wa bajaji wanapokunywa kahawa wakisubiri abiria. Mechi ilikuwa imeisha saa nzima iliyopita, lakini ubishi ulikuwa bado wa moto. Kijana mmoja akanivuta mkono: "Frateri, ninyi huko mnasoma mantiki. Hebu tuamulie. Hawa marefa wanaibeba Yanga au hawaibebi?" Kabla sijafungua mdomo, mwenzake mwenye jezi ya njano akadakia: "Muulize kwanza Simba wamepewa penalti ngapi!" Wakaanza upya.

Pembeni alikuwa ameketi mzee mmoja, mwenyeji wa Kigoma, shabiki wa Mashujaa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, hawa wote wanabebwa. Wanachogombania ni nani kapewa mbeleko kubwa."

Walicheka wote. Mimi nilicheka pia, lakini maneno ya yule mzee nilirudi nayo seminarini. Nimeona niyaandike hapa, kwa sababu naamini swali lake linatuhusu sisi Wakristo, na sisi mafrateri hasa, kuliko tunavyodhani.

Tuanze kwa kutenganisha maswali, maana ubishi wa kijiweni huchanganya matatu kuwa moja.

Swali la kwanza: je, Simba na Yanga hushinda kuliko wengine? Hili halina mjadala. Coastal Union walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000, na Azam mwaka 2014. Tangu Azam, hadi msimu wa 2024/25, kombe limekuwa likizunguka kati ya Msimbazi na Jangwani tu. Lakini hiyo si hoja dhidi ya waamuzi. Klabu hizi mbili zina fedha, zina wachezaji kutoka nchi nyingi, zina benchi refu. Mwenye nguvu kushinda si dhambi ya refa.

Swali la pili: je, mafundi wa timu hizi hupigiwa filimbi nyingi zaidi? Huenda. Lakini hata hili halitoshi. Anayeingia kwenye eneo la hatari mara ishirini ataangushwa mara nyingi kuliko anayeingia mara mbili. Anayekaa na mpira ndiye anayekanyagwa. Kuhesabu penalti peke yake, kama wafanyavyo mashabiki wa pande zote, hakuthibitishi kitu.

Swali la tatu ndilo swali lenyewe: rafu ileile, mahali palepale, kwa nguvu ileile, ikichezwa kwa mchezaji mwenye jina na ikichezwa kwa winga asiyejulikana wa timu ndogo, filimbi inalia sawa?

Sheria ya 12 ya mpira wa miguu haina jina la mtu. Inamtaka mwamuzi apime kitendo: je, mchezaji amecheza kwa uzembe, amecheza bila kujali hatari kwa mwenzake, au ametumia nguvu kupita kiasi? Hakuna mahali inapouliza aliyeangushwa anauzwa bei gani. Na ulinzi huu ulipatikana kwa gharama. Mwaka 1966 kule Uingereza, Pelé alipigwa miguu mpaka akaumia, na Brazil ikarudi nyumbani baada ya hatua ya makundi. Marco van Basten wa Uholanzi alicheza mechi yake ya mwisho mwaka 1993 akiwa na miaka 28 tu, kwa sababu ya kifundo cha mguu. Ilipofika Kombe la Dunia la 1998, waamuzi waliagizwa kutoa kadi nyekundu kwa rafu mbaya ya kutokea nyuma. Kwa hiyo kumlinda fundi ni jambo jema. Tatizo huanza pale ulinzi unapohama kutoka kwenye kitendo kwenda kwa mtu, yaani pale mguu mmoja unapokuwa na thamani kuliko mwingine.

Wengi wetu tukisikia neno upendeleo tunafikiria bahasha. Bahasha zinaweza kuwepo, na vyombo husika vina kazi ya kuzitafuta. Lakini upendeleo hauhitaji bahasha. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Waliwaonesha waamuzi 40 video ya rafu za mechi moja. Baadhi walitazama wakisikia kelele za uwanja, wengine walitazama kimyakimya. Waliosikia kelele waliiadhibu timu ya nyumbani kwa faulo pungufu kwa takriban asilimia 15. Kule Hispania, wachumi walichunguza dakika za nyongeza, wakakuta kwamba timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa bao moja, dakika huwa nyingi. Ikiwa mbele kwa bao moja, huwa chache. Waamuzi hao hawakuwa wameahidiwa kitu. Walikuwa na masikio tu, kama mimi na wewe.

Sasa tulete jambo hili kwetu. Ulaya kelele hugawanyika. Leo timu yako iko nyumbani na jukwaa ni lako, wiki ijayo uko ugenini na jukwaa ni la mwenzako. Mwisho wa msimu, upendeleo wa kelele umezunguka kwa wote. Kwetu hauzunguki. Yanga ikienda Mbeya, jukwaa ni kijani na njano. Simba ikienda Kigoma au Ruangwa, jukwaa linajaa nyekundu. Angalia hata hapa Dar es Salaam: KMC ni timu ya Manispaa ya Kinondoni na ina uwanja wake pale Mwenge, lakini msimu wa 2024/25 uwanja huohuo ulitumiwa na Simba na Yanga kama nyumbani kwao. KMC ikicheza nao, ni mgeni sebuleni kwake mwenyewe. Kama kelele zinapinda filimbi hata kidogo, basi katika ligi yetu zinaipinda kuelekea upande uleule, mwaka hadi mwaka.

Ongeza na hofu. Mwamuzi akikosea dhidi ya Simba au Yanga, redio zitamjadili wiki nzima, picha yake itazunguka kwenye simu zote, na kamati itaulizwa hadharani atachukuliwa hatua gani. Akikosea dhidi ya timu ya mkoani, kocha atalalamika dakika mbili mbele ya kamera na habari imekwisha. Sisemi mwamuzi fulani ni mwoga. Nasema tumemwekea mizani ambayo upande mmoja una mawe na mwingine una manyoya, kisha tunamtaka apime sawasawa.

Mashabiki wa timu kubwa mtaniambia, "Frateri, unatuonea." Naomba mkumbuke Aprili 5, 2024. Yanga walikuwa Pretoria kucheza na Mamelodi Sundowns robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba likadunda chini, na wengi tuliokuwa tunatazama tuliamini mpira umevuka mstari. VAR ilikuwepo. Bao halikutolewa, na Yanga wakatoka kwa penalti. Usiku ule Wananchi walijua uchungu wa kuwa timu ndogo mbele ya timu kubwa. Mwaka uliofuata, Mei 25, 2025, ikawa zamu ya Simba: fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane pale Amaan, Zanzibar, bao la Steven Mukwala likakataliwa kwa kuotea baada ya VAR kuangaliwa. Sina uwezo wa kuamua kama maamuzi hayo yalikuwa sahihi. Ninachojua ni kwamba nchi nzima ilisema, "Wangekuwa wao, lingekubaliwa." Basi sentensi hiyohiyo ndiyo anayoisema yule mzee wa Kigoma kila msimu, na hatumsikilizi.

Hapa falsafa inanisaidia kulipa jambo hili jina. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa yake, anazungumzia kosa linalopinga haki ya ugawaji: kuwapendelea watu kwa sababu ya nafsi zao. Anaeleza kwamba mtu akipewa kitu kwa sababu anakistahili, hapo hakuna upendeleo. Upendeleo ni pale kinachoangaliwa si sababu bali ni kwamba yeye ni fulani. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakwenda mbali zaidi: kinamkataza mwamuzi kumstahi mkubwa, lakini pia kinamkataza kumpendelea maskini. Kwa hiyo siwaombei KMC wala Mashujaa filimbi za huruma. Naomba filimbi isiyojua rangi ya jezi.

Ndugu msomaji, ningeweza kuishia hapo, lakini ningekuwa mnafiki. Mwaka jana niliombwa kuchezesha mechi ya bonanza la vijana, parokia mwenyeji dhidi ya kigango. "Frateri hana timu," walisema, wakanikabidhi filimbi. Parokia walikuwa na nahodha wao, kijana mwenye kipaji kweli, anayependwa na kila mtu. Kila alipoanguka nilipiga filimbi. Kigango walikuwa na winga wa kushoto, mtoto wa miaka kama 16, mwenye viatu vya kuazima. Alipigwa kwa nyuma mara ya kwanza, nikamwonesha kwa mkono ainuke. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu nikasema moyoni, "Huyu anajiangusha." Mara ya nne hakuinuka. Walimpakia kwenye bodaboda kwenda zahanati, kifundo kimevimba kama embe.

Jioni nilikwenda kwao kumwona. Alinishukuru kwa kuja, kisha akauliza kwa adabu, bila hasira: "Frateri, ile ya kwanza uliiona?"

Niliiona. Niliziona zote. Hakuna aliyenipa hata soda. Lakini kando ya mstari walikuwepo mama zangu wa WAWATA, kwaya nzima, na viongozi wa parokia waliokuwa wamenipokea vizuri mwezi mzima. Kila nahodha alipoguswa, walipiga kelele. Yule mtoto alipoguswa, palikuwa kimya. Nilichokuwa nachezesha siku ile si mpira, ni jukwaa.

Tangu hapo nikisikia masomo ya Ijumaa Kuu nasikia tofauti. Pilato hakuwa hajui. Alijua kabisa kwamba Yesu hana hatia, na alilisema hilo hadharani. Kilichomshinda ni jukwaa. Na katika masomo ya Mateso, tunaoisoma sehemu ya umati ni sisi waamini, kwa sauti kubwa, kutoka kwenye mabenchi yetu. Kanisa linajua kwa nini limetupa sehemu hiyo.

Tufanye nini basi? VAR itasaidia ikitumika kwa mechi zote, si zile za wakubwa tu. Ingawa Pretoria ilitufundisha kwamba mashine haiondoi ubishi. Waamuzi wa kigeni pia si dawa. Dabi ya Kariakoo ya Juni 25, 2025 ilichezeshwa na waamuzi kutoka Misri, lakini hatuwezi kuagiza waamuzi kwa kila mechi ya Namungo na Mashujaa. Kamati zinazowaadhibu waamuzi zingetusaidia kama zingeeleza kosa na sheria iliyovunjwa kwa uwazi uleule, awe aliyeumia ni mkubwa au mdogo.

Lakini sehemu kubwa iko kwetu tunaopiga kelele. Wewe shabiki wa Simba au Yanga, jaribu mara moja tu kusema kijiweni: "Ile penalti yetu ya jana haikuwa halali." Utaona ilivyo ngumu. Siku shabiki ataweza kuisema bila kutukanwa, mwamuzi naye ataanza kupumua.

Na ninyi mafrateri wenzangu, tusijidanganye kwamba habari hii ni ya mpira. Mungu akipenda, tutapewa filimbi nyingine. Watakuja wazazi wawili wakitaka nafasi moja ya shule. Utaletewa ugomvi kati ya mfadhili wa ujenzi wa kanisa na mama anayeuza vitumbua. Utatakiwa kwenye misiba miwili kwa saa moja, mmoja una magari hamsini, mwingine una watu kumi waliokuja kwa miguu. Hakuna atakayetupa bahasha. Kutakuwa na kelele upande mmoja na kimya upande mwingine, na ni sisi tutakaoamua tumeona nini.

Yule kijana wa kigango amepona na anacheza tena. Wameniomba nichezeshe bonanza la mwaka huu. Nilitaka kukataa, kisha nikaona kukataa ni kukimbia. Nimekubali. Mniombee.